Profesa Swaliki na Mali ya Akili

Hadithi hii nilipewa na Bi Fauziya wa Busia, msimu wa pamba wa mwaka ule nilioolewa Iyolwa. Tulikuwa tumekaa juu ya mkeka tukichambua, nyeupe huku, yenye madoa kule, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kuchambua pamba bila kuchambua na watu. Alisema haya yote aliyaona kwa macho yake, isipokuwa yale ya Kizungu, ambayo alielezwa baadaye na aliyeyasikia. Kama kuna chumvi iliyozidi, aliitia yeye. Mimi nimekoroga tu.

Siku hizo kiwanda cha saruji kilikuwa kinajengwa Tororo, na mji ulikuwa umejaa watu waliokuja kutafuta kazi, na wengine waliokuja kuwatafuta hao waliokwisha kupata. Swaliki alikuwa wa hawa wa pili. Alikuwa shemeji yake Bi Fauziya, mdogo wa marehemu mumewe, mtoto wa ukoo wa wenye malori. Ndugu zake walibeba mali za watu kwa lori. Yeye alizibeba bila lori. Mwaka uliotangulia aliwauzia wachuuzi wa soko kivuli cha Mwamba wa Tororo. Asubuhi aliwauzia wa upande wa magharibi. Alasiri kivuli kikahama, akawauzia wa mashariki, na wale wa kwanza walipolalamika kwamba kivuli chao kimeondoka, aliwaambia kwa upole wakifuate huko kilikokwenda, maana yeye aliuza kivuli, hakuuza jua.

Mtu wa namna hiyo hukaa kortini kama wengine wanavyokaa gulioni, kutazama nini kimeingia leo. Na siku hiyo iliingia kesi ya sabuni.

Mama mmoja wa mjini, Mastula, alikuwa akitengeneza sabuni ya mafuta ya mbegu za pamba, na kila mche aliupiga muhuri wa picha ya ndege hondohondo. Watu waliipenda. Akatokea mfanyabiashara mmoja, Wahabi, naye akatoa sabuni yenye hondohondo. Tofauti ilikuwa moja tu: hondohondo wa Mastula alitazama upande wa Kenya, wa Wahabi alitazama Kampala. Mastula akashtaki.

Hakimu alikuwa Mzungu mgeni, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Akaanza kueleza mambo ya alama na picha na mali anayoipata mtu kwa akili yake, na maneno yakawa marefu kama treni ya mizigo. Mbele ya meza yake alisimama Maloba, mkalimani wa korti, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni. Miaka mingi Maloba alikuwa amekalimani wizi wa kuku, talaka na mipaka ya mashamba, na hakuna aliyemwona akimeza mate. Siku hiyo alimeza. Kuku anashikika. Shamba linakanyagika. Lakini mali iliyomo ndani ya kichwa cha mtu, haifungwi kamba wala haihesabiwi kodi, uiseme vipi?

"Bwana anasema..." Maloba alianza, akaacha, akaanza tena. "Mama, Bwana anasema kichwani mwako mna mali."

Mastula alikishika kilemba chake kwa mikono miwili. "Hakuna kitu humu! Ni nywele tu, wallahi, waulize walionisuka!"

Korti nzima ikacheka mpaka askari wakacheka. Hakimu hakucheka. Aligonga meza, akasema kesi itarudi kikao kijacho, na kama siku hiyo mkalimani huyu atakuwa bado hajui jambo hili, basi ataletwa mwingine kutoka Mbale. Maneno hayo Maloba aliyaelewa vizuri mno, na kwa kuwa ndiyo kazi yake, ilimbidi ayakalimani mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Pale wengine walipoona aibu, Swaliki aliona mlango.

Alimkuta Maloba kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni, chai imeganda utando.

"Pole, Bwana Maloba."

"Pole ya nini?"

"Ya mshipi. Nasikia yule wa Mbale ni mtu wa tumbo. Sijui kama utamtosha."

Maloba alimtazama. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu niliyesoma jambo lile lililokushinda leo." Swaliki alivuta kiti bila kukaribishwa. "Mali ya akili. Nimeisoma Bombay, nikaisoma Unguja, nikaimalizia mahali ambapo nimekula kiapo nisipataje."

"Mimi nimesoma tayari, ndugu yangu. Nina cheti."

"Ndiyo maana nimekaa na wewe! Kuna kusoma, na kuna kusoma juu ya kusoma. Chuo changu hakipokei watoto. Ni cha watu ambao wameshaula mkate wa sheria: mkalimani, karani, mwandishi. Mtu asiye na kazi ya sheria simtaki hata akilia mlangoni."

"Kama nina kazi, nitasoma saa ngapi?"

"Jumamosi mchana, korti ikishafungwa. Elimu yangu haimtoi mtu kazini, inamfuata."

Maloba alinywa ile chai pamoja na utando wake. "Na karo?"

Hapo Swaliki alitazama dari, kama mtu anayeona haya kutajiwa mambo ya dunia. "Elimu haina bei. Lakini nasikia una mtamba kule Petta, kwa shemeji yako."

"Yule ana mimba!"

"Chuo kinapenda karo inayozaa."

Wakapatana kwamba mtamba atatolewa siku ya kumaliza masomo. Kabla ya juma kuisha walikuwa wamejiandikisha wengine wawili. Mmoja alikuwa Mangeni, karani wa wakili Mhindi pale Tororo, aliyelipa baiskeli. Wa pili alikuwa Ojiambo, mwandishi wa barua za malalamiko, aliyekaa barazani pa duka moja Busia na taipureta mapajani. Huyu alilipa taipureta yake ya akiba. Kila mmoja aliambiwa kwa siri kwamba atakuwa peke yake, na Jumamosi ya kwanza walipokutana watatu pale nyumbani kwa Bi Fauziya, Busia, kila mmoja aliwaambia wenzake kwamba alikuwa anapita tu.

Chuo kilikuwa baraza ya Bi Fauziya. Kwa nini Busia na si Tororo? Profesa, maana hivyo ndivyo Swaliki alivyojiita sasa, alieleza kwamba karibu na mpaka elimu hupumua vizuri. Hakueleza kwamba kutoka barazani pale mtu akirusha jiwe linaanguka Kenya.

Alikuwa amevaa joho jeusi alilolishona fundi kwa vitambaa vya miavuli mitatu iliyokufa. Siku hiyo hiyo mvua ilinyesha kwa upepo, wanafunzi wakalowa mpaka soksi, na Profesa akasimama pembeni ya baraza maji yakimteleza kama bata. Watu wa sheria ni wagumu kuamini, lakini hapo waliamini.

"Sharti la kwanza," alisema. "Hapa Kizungu ni marufuku. Kizungu kina masikio. Bwana Hakimu akijua mnasoma kitu gani, ataifungia elimu hii kabatini, na ufunguo ataupeleka kwao."

Wanafunzi walifurahi kama ng'ombe waliofunguliwa nira, maana juma zima walikuwa wakisema Kizungu cha watu wengine. Na ukweli, ambao Bi Fauziya aliujua na hakuusema, ni kwamba Profesa alikuwa na maneno mawili tu ya Kizungu, "yesi" na "verigudi", na aliyatunza kama nguo ya Idi.

"Mangeni! Mali ya akili ni ya nani?"

"Ya mwenye akili, Profesa."

"Kosa. Ojiambo!"

"Ya aliyeianza?"

"Kosa la pili. Sikilizeni, andikeni vichwani. Mali ya akili ni ya yule aliyewahi kuisema mbele ya mashahidi. Basi. Mwenye kuwaza usiku na mkewe tu anajua, huyo amewaza bure."

Usidharau somo hilo. Bi Fauziya alisema lilikuwa ndilo la kweli peke yake katika chuo kizima, na lilimtoka Profesa kwa bahati mbaya.

Tamaa ikaingia darasani na kukaa mstari wa mbele. Ojiambo aliuliza kama anaweza kuyamiliki yale maneno ya mwanzo wa kila barua ya malalamiko, "mimi mtumwa wako mnyenyekevu kabisa", ili kila mwandishi kuanzia Busia hadi Jinja akitaka kunyenyekea kwanza amlipe yeye. Profesa alisema inawezekana, ila kwa kuku mmoja wa ziada. Mangeni alitaka kumiliki kikohozi.

"Kikohozi gani?"

"Kile ambacho mawakili wote hukohoa kabla ya kusimama. Kile cha 'hhm-hhm'. Mimi nimekisikia miaka mingi kuliko mtu yeyote."

"Kuku wawili," alisema Profesa. "Kikohozi kina mkia."

Maloba peke yake hakutaka kumiliki mengi. Alitaka "Kimya kortini", kisha akarudi kwenye shida yake. Kila Jumamosi aliuliza, "Profesa, ile kesi ya sabuni je? Nikiulizwa niseme nini?" Na kila Jumamosi Profesa alimjibu kwamba nyama ngumu haitafunwi siku ya kwanza.

Bi Fauziya, akiwapelekea chai, alimvuta Swaliki jikoni kwa mkono wa joho. "Shemeji, watu hawa watakuua."

"Watu wa korti hawaui, shemeji. Wanaahirisha."

"Na siku wakiacha kuahirisha?"

"Siku hiyo mimi niko Kisumu. Lori la kaka linapita Jumamosi ile ya mwisho. Baiskeli juu, taipureta juu, kuku juu, mtamba juu. Nikishavuka kizuizi pale, sheria ya Uganda itabaki imesimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba."

Ikaja Jumamosi ya mwisho, na kesi ya sabuni ilikuwa Jumatatu. Wanafunzi walichanga, wakamwita Ariokot, mama wa Kiteso aliyesifika kwa malwa, pombe ya wimbi, naye akaleta chungu chake mpaka barazani. Mirija mirefu ikatolewa. Profesa alikuwa Mwislamu, akakaa na chai yake, na hakuna aliyemsumbua.

Ariokot alimimina maji ya moto, akachukua mrija, akavuta yeye kwanza, macho akiwatazama wote.

"Mimi naonja," alisema. "Kama mimi naweka sumu, mimi nakufa kwanza. Sasa nyinyi nakunywa. Hapana puliza ndani ya chungu. Mwenye kupuliza nalipa kuku."

Wakanywa. Malwa yakapanda. Maloba akamgeukia Profesa kwa moyo mweupe, na kwa kuwa masomo yalikuwa yamekwisha na marufuku imekwisha nayo, alimwambia kwa Kizungu, kama msomi kwa msomi, kwamba anasikitika mtamba hakufika leo, mguu umevimba, atafika Jumatatu.

"Yesi!" Profesa alisema, akicheka. "Verigudi!"

Maloba alisogeza kiti karibu. Halafu, taratibu, akamwambia kwa Kizungu kwamba mtamba yule ameliwa na fisi.

"Verigudi! Verigudi!"

"Na wewe," Maloba aliendelea kwa Kizungu kilekile kitamu cha kortini, "ni mwizi mwenye masikio ya punda, na baba yako alikuzaa kwa makosa."

Profesa aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa shukrani. "Yesi, Bwana Maloba. Yesi."

Mangeni alipaliwa, pumzi ikarudi kwenye mrija, chungu kikachemka mapovu. "Kuku!" alipiga kelele Ariokot. Lakini Mangeni hakubisha, na Ojiambo hakucheka. Walitazamana watatu. Watu wa korti hawapigi kelele wakigundua uongo. Wanaupangia tarehe.

Maloba alikuwa ameshika mrija bila kunywa. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Kichwani mwake hamkuwa na jibu, mshipi wake ulikuwa njiani kwenda Mbale, na mtu aliyemlipa amwokoe alikuwa hajui hata anapotukanwa. Akakitazama kile chungu muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa heshima tupu:

"Profesa, umemwona mama Ariokot?"

"Nimemwona."

"Sisi watu wa huku hatuli kitu ambacho aliyekipika hajakionja. Hata kwa mama mzazi. Elimu hii umetupikia wewe, tumeisifu, ina harufu nzuri. Sasa Jumatatu, onja."

"Nionje vipi?"

"Simama kortini, kesi ya sabuni, uwe shahidi mjuzi. Mangeni atapanga na Mastula. Ukishaonja mbele yetu, mtamba wako utamkuta amefungwa pale nje kwenye nguzo."

Swaliki alisikia lori la kaka yake likipiga honi barabarani. Akili ikamwambia panda. Lakini akamwona mtamba na ndama ndani yake, na ndama wa ndama. Lori hupita kila juma. Mtamba mwenye mimba hapiti kila juma.

"Na Kizungu?" aliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. "Mimi, unajua, sheria hii nimeapa kuisema kwa Kiswahili."

"Profesa, mkalimani si mimi? Wewe utasema Kiswahili chako. Kwa Bwana, yote nitasema mimi."

"Verigudi," alisema Swaliki, na lori likaondoka bila yeye.

Jumatatu korti ilijaa. Bi Fauziya alifunga nyumba, akapanda lori la alfajiri kwenda Tororo, akakaa nyuma kabisa. Mastula alikuwa na kapu la sabuni zake, Wahabi la zake. Profesa aliingia joho likipepea, akaapa haraka kama mtu anayeruka moto, akasimama.

Hakimu aliuliza. Maloba akamgeukia shahidi. "Bwana anauliza, mali ya akili ni nini?"

Swaliki alikohoa kikohozi cha Mangeni. "Mwambie ni kitu kizito."

Maloba akamgeukia Hakimu, akaanza. Akasema, akasema. Alimwonyesha Profesa kwa kidole, akajionyesha mwenyewe kifuani, akawaonyesha Mangeni na Ojiambo kwenye benchi, nao wakasimama, wakainama, wakakaa. Hakimu aliandika, akaishiwa wino, akachovya kalamu, akaendelea. Mwisho alitabasamu, akasema neno.

"Anasemaje?" aliuliza Swaliki.

"Anasema umefundishwa vizuri sana."

Swaliki aliinama mpaka joho likafagia sakafu. "Mwambie ahsante. Mwambie Profesa ndiye mimi."

Maloba akageuka tena, akasema tena, mikono ikichora chungu hewani, ikichora mrija, ikichora mtu akivuta. Hakimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike Tororo. Akatoa amri, na askari wakaingia na makarai mawili ya maji.

"Kimya kortini!" Maloba alitangaza. "Bwana ameelezwa desturi ya nchi hii: mwenye chungu huonja kwanza. Ameamuru kila mwenye sabuni anawe uso kwa sabuni yake mwenyewe, hapa, sasa hivi."

Mastula hakungoja. Alijipaka uso, shingo, nyuma ya masikio, akawa povu tupu lenye macho mawili, akawa anapuliza mapovu kwa furaha. Wahabi aliutazama mche wake kama mtu anayemwona mdai mlangoni.

"Mimi nilinawa asubuhi," alisema.

"Nawa tena," alisema Maloba. "Maji ni ya serikali."

Wahabi alinawa shavu moja. Alingoja kidogo. Halafu aliruka benchi, akaruka la pili, akatumbukiza kichwa kizima kwenye karai la Mastula, maana ndilo lililokuwa karibu. Sabuni yake alikuwa ameitia magadi makali ili ikauke upesi, na yeye mwenyewe nyumbani, ikajulikana baadaye, aliogea ile ya Mastula.

Hakimu akaamua. Sifa ya hondohondo ilijengwa na sabuni isiyochoma watu. Wahabi alimpanda ndege wa mwenzake mgongoni. Hondohondo ni wa Mastula, atazame Kenya, atazame Kampala. Wahabi atafute ndege mwingine. Mastula alipiga vigelegele, povu likarukia mafaili. Na Hakimu akampa Maloba mkono, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na kila mtu akajua kwamba yule wa Mbale atabaki Mbale.

Nje, mtamba alikuwa amefungwa kwenye nguzo kama ilivyoahidiwa, mguu mzima kabisa, tumbo limejaa. Swaliki alishuka ngazi za korti kama bwana harusi, akaishika kamba.

"Iache hiyo kamba, mwanafunzi," alisema Maloba.

"Mwanafunzi nani?"

Alijibu Mangeni, kwa sauti ya kirafiki. "Mle ndani, Profesa, Bwana Maloba alimweleza Hakimu kwamba tangu ile siku ya aibu, yeye Maloba amefungua chuo cha Jumamosi cha watu wa korti. Kwamba mimi na Ojiambo ni wanafunzi wake. Na kwamba wewe ndiye mzito kuliko wote, lakini hajakukatia tamaa."

"Alisema amekuleta ujaribu kujibu," aliongeza Ojiambo, "ili Bwana aone jinsi anavyoweza kumfundisha mtu yeyote."

"Bwana amefurahi. Chuo cha Maloba kimepewa chumba cha korti kila Jumamosi. Na chaki."

Swaliki alifungua mdomo, ukabaki wazi. Bi Fauziya alisema hajawahi kumwona hivyo, hata siku ya kutahiriwa. "Chuo ni changu!" hatimaye alisema. "Nilikitoa kichwani mwangu mimi! Hicho ni kitu changu, mmekiiba!"

"Mali ya akili ni ya nani, Profesa?" aliuliza Ojiambo.

Swaliki aliikaza kamba mkononi.

"Ni ya yule aliyewahi kuisema mbele ya mashahidi," alisema Mangeni, akakohoa.

"Narudi ndani!" Swaliki alipaza sauti mpaka mtamba akashtuka. "Narudi sasa hivi, namwambia Hakimu yote, tangu mwanzo!"

Maloba alipanda ngazi mbele yake, akamfungulia mlango wa korti kwa adabu, akasimama pembeni, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu.

"Karibu," alisema. "Mwambie yote, usiache neno. Nitakukalimania mwenyewe."

Swaliki aliutazama mlango. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mto uliofurika na ng'ambo ndiko kwao. Halafu akaiachia kamba.

Jioni hiyo jua lilipotua kila mtu alikuwa na mzigo wake. Ojiambo na Mangeni walikuwa wameshafika Busia wakachukua taipureta na baiskeli, na Bi Fauziya aliwasaidia kufunga kamba. Kuku waliachwa, walisema ni chai ya mama. Mastula alilala mapema akinukia mpaka kwa majirani. Maloba alimfunga mtamba karibu na dirisha, akalala na mshipi kiunoni, mkewe akimsihi auvue.

Swaliki alirudi Busia juu ya magunia ya lori lililokuwa likipita. Bi Fauziya alimwekea ugali wa wimbi na mboga, akaketi kumtazama akila.

"Nimeibiwa, shemeji."

"Nimeona. Nilikuwa nyuma."

"Ulikuwepo? Na hukunipigia hata ukunga?"

"Umesema maneno manne, mwenzio akasema mpaka wino ukaisha. Nikajua. Lakini ulikuwa unainama vizuri, nikaona nisikukatize."

Swaliki alitafuna. Mabega yakaanza kutikisika, na Bi Fauziya alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Kazi safi ile. Mtu anakuibia mbele ya serikali, na wewe unamwinamia, unasema ahsante. Mimi miaka yote hii nimewaibia watu kwa nyuma, kama mshamba."

"Kesho utafanya nini?"

"Nangoja Jumamosi. Naenda chuoni."

"Kwa Maloba?"

"Kwa nani mwingine? Maneno mawili hayatoshi tena katika nchi hii." Alinawa mikono, akajinyoosha kwenye mkeka. "Ila atataka karo, yule simfahamu kwa huruma. Shemeji, yule jogoo wako mwekundu..."

"Mguse uone."

"Nimeuliza tu. Nilikuwa nawaza kwa sauti."

"Mbele ya shahidi," alisema Bi Fauziya. Akatoka, akamkamata jogoo, akaingia naye chumbani, akamfunga mguu kwenye kitanda, akazima taa. Ng'ambo ya ukuta alimsikia Swaliki akigeuka huku na huku, akinong'ona, "yesi... verigudi... yesi...", mpaka sauti ikafifia na mkoromo ukaanza. Hata hapo hakufumba macho mara moja, kwa maana Swaliki alijua pia kukoroma kwa uongo. Alingoja, akasikiliza, akamshika jogoo mgongoni. Mkoromo ulipokatika, ukarudi kwa pumzi ya kweli, na jogoo mwenyewe akaficha kichwa ubawani, ndipo naye akalala.